Hana Akili ya Kusoma, Ila Ana Akili ya Kuolewa?

Leo hatuna hina mpya wala mtindo wa mtandio. Leo tuna ugomvi, na wa kwanza kugombezwa ni sisi wenyewe.

Tulikwenda Mnyuzi harusini. Kwa asiyeijua, Mnyuzi iko wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga, pale reli inayotoka Ruvu inapokutana na reli ya Tanga kwenda Moshi. Njia hiyo ya kuunganisha ilifunguliwa 1963, na treni ya Dar es Salaam kwenda Arusha hupita hapo. Sisi hatukupanda treni. Tulivuka bahari kwa meli mpaka Tanga, tukatafuta gari, tukapita Muheza na mashamba ya mkonge, tukafika jua linazama, tumebeba udi, liwa, hina na vikuba vya asumini vilivyokwisha kunyauka njiani. (Msibebe asumini safari ndefu, mashoga. Tumejifunza.)

Usiku wa hina wasichana walikaa duara kwenye mkeka, wakapewa karatasi yenye beti za kumuaga bibi harusi. Kila mmoja asome ubeti mmoja, karatasi izunguke. Palikuwa na binti mmoja wa nyumba ile, mtoto wa kaka yake bibi harusi, miaka 15. Karatasi ilipobakisha watu wawili kumfikia, aliinuka kwenda kuchota maji. Mzunguko wa pili akasikia mtoto analia chumbani, akaenda kumtazama. Mzunguko wa tatu ilikuwa birika la chai. Sisi wageni tukamsifu: mashallah, mtoto huyu ana adabu, hana uvivu, anayemuoa amepata.

Shangazi yake mmoja akasema kwa sauti ya kufika uani: "Mwacheni huyo kilaza wetu. Kasoma miaka saba, hata jina lake halijui. Hata hivyo kuna mtu keshaleta barua, Mungu akipenda Ramadhani ikipita tunamaliza."

Wanawake wakacheka. Na sisi tulicheka. Tunaiandika hivyo hivyo bila ya kujipamba: tulicheka.

Asubuhi tulimkuta anaosha vyombo peke yake. Tukakaa naye, tukaosha naye, na baada ya muda tukamuuliza yale maandishi akiyatazama huwa yanakuwaje. Akatujibu bila ya kuinua kichwa: "Nazijua moja moja, mama. Zikikaa pamoja ndiyo zinanikimbia." Kisha, kama anayetoa siri, akatusomea beti zote za usiku ule kwa kichwa. Zote, pamoja na zile zilizosomwa yeye akiwa kisimani. Alikuwa nje akisikiliza.

Kumbe ndivyo alivyopita darasa hadi darasa. Mwalimu akisoma ukurasa mara mbili, yeye ameushika. Akiitwa kusoma anashika kitabu mbele ya uso na kusema yaliyomo kichwani. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi katika chumba kimoja anaona mtoto amesoma, anapita kwa mwingine. Siku aliyopewa kitabu kipya ambacho hajasomewa, alikwama kwenye neno la kwanza, akachapwa kwa "uzembe". Tangu siku hiyo akajifunza kuchota maji.

Mtoto huyu si mjinga. Tunasema hivyo si kwa huruma, tumemuona. Wataalamu wanaiita hali ya namna hii disleksia, au kwa Kiswahili chetu ugumu wa kusoma. Ni moja katika aina za ulemavu wa kujifunza: akili iko, masikio yako, macho yako, lakini njia ya kutoka kwenye herufi kwenda kwenye sauti haijafunguka kama kwa wengine. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili inajificha vizuri sana, kwa sababu lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto wa Kiingereza anakwama mapema na anaonekana. Mtoto wetu anaweza kujikokota ba, be, bi, bo, bu, polepole mno, akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo, na sisi tunasema "anajua ila mvivu".

Hatusemi kwamba tumempima binti wa Mnyuzi. Huenda haoni vizuri ubao, huenda sikio moja halisikii, na hayo ndiyo ya kupima mwanzo kabisa kabla ya jambo lolote. Pia hatuchanganyi mambo. Ulemavu wa akili ni kitu kingine, usonji ni kingine, na kila mtoto katika hao anahitaji njia yake. Tunachosema ni kwamba miaka saba ilipita, na katika miaka saba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Si skuli, si nyumbani, si chuoni. Jibu lilipatikana kabla ya swali: kilaza.

Na asidhani mtu kwamba ni mmoja huyo. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu. Mtihani wa kuchagua jibu unaweza kumpitisha mtu asiyesoma, na pia unaweza kumuangusha mtu mwenye akili kuliko aliyeutunga. Baada ya hapo mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa kuanzia 2015 ili watoto washughulishwe zaidi na kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni jambo jema. Lakini mtoto ambaye herufi zinamkimbia hasaidiwi kwa kupewa herufi nyingi zaidi kwa njia ile ile.

Sasa tuje kwetu, wanawake. Maana ni rahisi kuilaumu serikali, na tutailaumu hapa chini, lakini jina la kilaza halikutoka wizarani. Lilitoka mdomoni kwa shangazi, likachekewa na wageni kutoka visiwani wenye mabuibui ya hariri. Hapa kwetu tuna yetu: juha, zuzu, zumbukuku, taahira. Tunayatupa jikoni kama tunavyotupa maganda ya muhogo. Na sote tunaisoma Suratul Hujurat, tunajua aya ya 11 inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kubeza, na inawataja wanawake mahsusi, wasiwadharau wanawake wenzao. Tunaisoma kwa tajwidi, kisha tunafunga msahafu na kumwita mtoto "we zuzu, lete chumvi".

Mtu hazaliwi hajiamini. Mtoto wa miaka mitatu anajiamini kuliko sisi sote. Atakwambia anaweza kuendesha ndege. Kujiamini huondolewa, tena kidogo kidogo, na wanaoondoa ni watu wanaompenda. Binti yule alipokuwa darasa la tatu aliambiwa arudie mwaka. Mdogo wake akamfikia, kisha akampita. Nyumbani mdogo ndiye akawa anasoma meseji za baba, ndiye anaandika orodha ya duka, naye mkubwa akawa wa maji na vyombo. Hakuna aliyekaa akaamua. Lakini ukitazama ugawaji wa kazi katika nyumba, utajua nani anaaminiwa, na mtoto anaujua kabla yako.

Na chuoni? Tuseme ukweli ulivyo. Anayechanganya b na d kwenye Kiswahili ndiye atakayechanganya baa, taa na thaa, maana umbo ni moja na tofauti ni nukta. Jiim, haa, khaa vivyo hivyo. Maalim anaona mtoto huyu juzuu amma kaihifadhi kwa kusikia, lakini ukimfungulia ukurasa na kumwekea kidole katikati ya mstari hasemi kitu. Anahukumu kuwa ni ukaidi. Bakora. Wakati Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika hadithi ya Bibi Aisha iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametufahamisha kwamba mwenye kuisoma Qur'ani kwa tabu huku akibabaika ana ujira mara mbili. Mara mbili! Sisi aliyeahidiwa ujira mara mbili ndiye tunayempiga.

Wapo watakaosema fimbo ni malezi. Hata kanuni za viboko za Tanzania Bara, ambazo sisi hatuzipendi, zinasema kiboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe daftarini. Kushindwa kusoma neno hakumo. Mwalimu anayempiga mtoto kwa kuruka mstari anavunja kanuni za kazi yake mwenyewe, na mzazi ana haki ya kwenda kumuuliza. Tukasema hivyo Mnyuzi, mama mmoja akatushangaa: "Nikamuulize mwalimu?" Ndiyo, dada. Kwa adabu, na khanga yako kichwani, ukamuulize.

Upande wa pili wapo wapole, na hao wakati mwingine ni hatari zaidi. Hawatukani. Wanasema "maskini, mwacheni, Mungu ndivyo alivyomuumba". Wanamfanyia kila kitu. Wanamsifu kwa kila kitu, hodari, hodari, hata alipokosea. Mtoto si mpumbavu. Anajua sifa ya bure inavyonuka. Wengine wanaanza kutafuta jini, subiani, jicho la jirani, na pesa inakwenda kwa mganga mwezi hadi mwezi. Kisomo ni kheri, tumsomee mtoto, lakini baada ya kumsomea tumsomeshe.

Na kuna hii ya tatu, ambayo sisi wapambaji ndiyo tunaiangukia: "Hajui kusoma lakini ana kipaji cha mikono, mfundisheni hina." Usiku ule ule tulikwisha kulisema. Ni wazo zuri na tutamfundisha. Lakini mchora hina naye anapokea oda kwa simu, anaandika majina ya wateja, anasoma ule unga umechanganywa na dawa gani isije ikamuunguza bibi harusi mikono. Kipaji kisiwe mlango wa nyuma wa kumtolea darasani.

Tumetafakari mfano wa Nabii Musa, amani imshukie. Alipotumwa kwa Firauni alimwambia Mola wake kwamba ulimi wake una fundo, akaomba lifunguliwe, na akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake kwa kuwa Harun alikuwa na ufasaha zaidi. Yamo Suratu Taha na Suratul Qasas. Tazameni jibu lilivyokuwa. Hakuambiwa rudi kachunge mbuzi, kazi hii ni ya wasemaji. Hakuambiwa pia nenda hivyo hivyo, jikaze. Alipewa alichoomba, na kazi ikabaki yake. Nyinyi walimu mnaotusoma, na nyinyi mama, ndipo tulipopata kipimo chetu: kazi ile ile, na msaidizi pembeni. Ukimwondolea kazi umemvunja. Ukimnyima msaidizi umemvunja.

Basi binti wa Mnyuzi alihitaji nini pale mkekani? Si hotuba ya kujiamini. Alihitaji mtu mmoja amwambie mchana: "Usiku wewe utasoma ubeti wa nne, njoo tuupitie." Wausome mara tano chini ya mwembe, kidole kikitembea chini ya neno, na karatasi nyingine ikifunika mistari ya chini ili macho yasiruke. Usiku asome. Aseme, watu waitikie. Kesho yake apewe ubeti ambao hajausikia, mfupi zaidi, maneno matatu tu, autoe kwenye herufi si kwenye kumbukumbu. Akiupata, aambiwe alichokipata hasa: "Umesoma 'ng'ombe' bila ya mtu kukuanzia." Hiyo ndiyo sifa, ina ushahidi.

Mwalimu anaweza kufanya mengi hata akiwa na darasa lililojaa, na hayahitaji mfadhili. Asimwite kusoma kwa ghafla mbele ya wenzake. Amkalishe mbele. Amruhusu kujibu sayansi kwa mdomo, kwa kuwa somo ni sayansi, si mwandiko. Maagizo ayatoe moja moja. Herufi zichorwe kwa kidole mchangani, au kwenye sinia la unga, mkono uzijue pale jicho linapokataa. Bibi zetu wa visiwani walifundisha chuo kwa ubao na wino wa masizi, mtoto anaandika, anafuta, anaandika tena. Walikuwa wanafundisha kwa mkono bila ya kwenda semina.

Tukirudi kwenye barua ya posa. Hapa ndipo tulipoona hasira yetu si ya kilaza peke yake.

Wanaotaka binti huyu aolewe wanasema kusoma hakumwingii. Sawa. Swali letu: mnamuona akili yake haitoshi kusoma ukurasa, mnaiona inatosha kuendesha nyumba, kubeba mimba, kumjua mtoto anapozidiwa usiku, kupima dawa ya maji kwa kijiko, kukaa na mume mtu mzima na mama mkwe? Qur'ani katika Suratun Nisaa inatuagiza mayatima wajaribiwe hadi wafikie umri wa kuoa, na mali yao wakabidhiwe pale tu itakapoonekana wamepevuka. Hiyo ni mali. Ng'ombe na shamba. Sisi tunamkabidhi mtoto mwenyewe bila ya kumjaribu lolote, tena kwa hoja kwamba hana akili. Ama ana akili, basi arudi darasani. Ama hana, basi hiyo ndoa mnamfungisha nani?

Tena ridhaa. Dini yetu inataka mwanamwali aulizwe. Binti aliyefundishwa kwa miaka saba kwamba yeye hajui kitu, ukimuuliza unataka, atasema nini? Atainuka kwenda kuchota maji. Na nyinyi mtasema kunyamaza kwake ni kukubali.

Halafu fikirini siku za mbele, nyinyi mabibi harusi mnaotusoma mkiwa na cheti chenu cha ndoa kwenye bahasha nzuri. Yeye ataweka dole gumba. Mahari iliyoandikwa ataambiwa ni kiasi gani. Kadi ya kliniki atasomewa. Pesa ikiingia kwenye simu atampa jirani amtazamie, na jirani ndiye atakayejua imebaki ngapi. Na siku, Mungu apishe mbali, ikaja karatasi ya talaka, ataizungusha mtaani akitafuta mtu wa kumsomea maneno yanayomfukuza. Tumeshaliona hilo hapa hapa mjini kwetu, si Mnyuzi.

Na sheria? Tulifika Mnyuzi tukiamini sheria inamlinda. Inamlinda nusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 katika vifungu vya 13 na 17 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi alivipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019, serikali ikatakiwa kuirekebisha sheria. Miaka inapita, barua za posa zinapita nayo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ikawa kosa la kifungo cha miaka 30. Watu wanaiogopa hasa. Lakini someni neno lenyewe: mwanafunzi. Binti wetu si mwanafunzi tena. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, akakaa nyumbani. Yule anayefaulu amezungukwa na ukuta wa miaka 30. Yule aliyeshindwa kwa sababu hakufundishwa anavyoweza kujifunza, ukuta umeishia mlangoni pa skuli. Ulemavu wake wa kujifunza ndio uliomtoa kwenye ulinzi. Na muoaji anajua. Ndiyo maana barua ilikuja baada ya matokeo, haikuja kabla.

Sisi wa visiwani tusijione tumesalimika. Ile sheria ya 1971 haitumiki kwetu, mambo yetu yako kwa kadhi, na mabinti zetu wanaotolewa skuli mapema tunawajua kwa sura. Tuna la kujivunia: wazazi na watu wenye ulemavu wa akili waliunda jumuiya yao, ZAPDD, mwaka 1999, na elimu mjumuisho ikaanza kwenye skuli zetu 2004, mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na jirani yake. Lakini kisha Sera ya Elimu ya 2006 ikasema hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto ambaye herufi za lugha ya mama yake zinamkimbia, unambadilishia lugha akiwa bado mdogo. Bara wanafanya hivyo kidato cha kwanza. Kwa watoto hawa ni ukuta ule ule, tofauti ni mwaka wa kuugonga.

Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, na Bara wana Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Chuo cha Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Kutoka Mnyuzi ukipanda Korogwe, Mombo, mpaka Lushoto juu, utaikuta Irente, na hapo ipo Irente Rainbow, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, inayoendeshwa na dayosisi ya Kilutheri. Tuliposikia hivyo tuliona haya kidogo, na bora tuseme. Waislamu wa Tanga na visiwani tunajenga misikiti yenye minara miwili, Allah awalipe wanaojenga. Ni madrasa ngapi zina maalim mmoja tu aliyefundishwa namna ya kumsomesha mtoto ambaye nukta zinamkimbia? Jukwaa la maua la harusi moja, la kupigia picha saa tatu kisha likabomolewa, lingetosha kumpeleka maalim mafunzoni. Tunaandika hili sisi tunaoishi kwa kupamba majukwaa hayo, kwa hiyo mtuamini.

Neno moja kwa bibi harusi mtarajiwa. Kama una ndugu wa namna hii, usimfiche siku yako. Tumepamba nyumba ambazo dada wa bibi harusi alifungiwa chumba cha nyuma ili wakwe wasije wakaulizana kuhusu ukoo. Mpe kazi ya wazi inayotegemewa: apokee zawadi na kuzihesabu, awagawie wageni marashi, akae na ufunguo wa sanduku. Kosa likitokea, liwe kosa lake kama la mtu yeyote. Na kama wakwe wataondoka kwa sababu ya dada yako, bora umewajua kabla ya kuvaa pete.

Tuliondoka Mnyuzi siku ya nne. Kabla ya kuondoka tulimkabili shangazi yule, uani, bila ya watu. Hakufurahi. Alituambia sisi ni wageni, tunakuja na udi wetu na kuondoka, yeye ndiye anayebaki na mtoto asiye na cheti wala kazi. Ana haki katika hilo, na hatukuwa na jibu la haraka. Kisha akasema kitu ambacho hatukukitarajia: kwamba yeye mwenyewe alitolewa darasa la nne, na herufi hata yeye hazikumkalia. Mtu huyu miaka yote amekuwa akicheka kwanza kabla ya kuchekwa.

Baba wa binti tumezungumza naye kwa simu mara tatu. Barua ya posa bado iko juu ya kabati, haijajibiwa. Tumetuma daftari zenye mistari mipana, na mwalimu mmoja mstaafu jirani yao amekubali kukaa na binti kila baada ya alasiri, mistari miwili kwa siku, isizidi. Shangazi ameuliza kama naye anaweza kukaa pembeni, kwa kusikiliza tu, amesema. Tulichoomba zaidi ni binti apelekwe Korogwe akapimwe macho na masikio kabla ya mwezi kuandama. Nauli tumeshatuma. Mpaka tunaandika haya hajapelekwa, wanasema mvua, wanasema mahindi. Kesho tunapiga tena.